Jirani wa Aliyetukanwa

Dominika ya 15 ya Mwaka C
Masomo: Kum 30:10-14; Kol 1:15-20; Lk 10:25-37



Mwanasheria wa Injili ya leo anajibu vizuri. Anaulizwa Torati inasema nini, naye anataja kumpenda Mungu kwa moyo wote na kumpenda jirani kama nafsi yake. Amri hiyo ya pili ameitoa katika kitabu cha Walawi, sura ya 19, aya ya 18. Lakini aya mbili tu kabla ya hiyo, yaani aya ya 16, Mungu anakataza mambo mawili kwa pamoja: kuzunguka ukichongea watu, na kusimama tu huku damu ya jirani iko hatarini. Mchongezi na mtazamaji wamewekwa katika aya moja.

Zamani tusi lilisikika kisimani au mnadani wa korosho, na jioni watu wakatawanyika. Leo linakaa ndani ya simu, usiku na mchana. Tuchukue mfano ambao wengi wenu mtautambua. Binti wa sekondari hapa Nachingwea amepigwa picha, ikaandikiwa maneno machafu, ikatupwa katika kundi la WhatsApp. Kundini wamo watu mia mbili: shangazi zake, waimbaji wa kwaya, labda na katekista. Aliyeituma ni mmoja. Watano wanacheka. Waliobaki wanatazama, wanafunga simu, wanaendelea na palizi. Kabla jua halijazama picha imekwisha kufika Ruangwa, na kesho yake binti haendi shule.

Tukiulizwa ni nani aliyemtesa, tutamtaja yule mmoja. Binti mwenyewe anahesabu zaidi, maana anajua idadi ya walioona wakanyamaza, na kimya chao anakisoma kama kibali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inafundisha kwamba hata anayekubali kimyakimya kosa la mwenzake pasipo msingi wa kutosha ana hatia ya hukumu isiyo ya haki. Tena hapo hapo tunafundishwa kwamba kutangaza hata kosa la kweli, bila sababu ya haki, kwa watu wasiolijua, ni dhambi ya usengenyaji.

Wengine watasema: “Ni utani tu.” Sisi watu wa kusini tunaujua utani. Mtani ana jina na ukoo. Anakutania usoni, nawe una ruhusa ya kumrudishia. Na siku ya msiba ndiye anayeshika jembe na ndoo. Anayejificha nyuma ya jina la bandia ili kumwaibisha mtoto wa mwenzake hana utani na mtu. Na dharau ikizoeleka huzaa makubwa. Huko Rwanda, redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwazoesha wasikilizaji kuwasikia jirani zao wakiitwa mende, na mwaka 1994 jirani hao wakauawa. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu waliotumia redio na gazeti kuchochea uovu huo. Matusi ya kundini si mauaji ya halaiki. Lakini sikio linalozoea kudharau linaanzia padogo.

Basi sisi tunaoona tufanye nini? Tumtazame Msamaria. Hakuwakimbiza wanyang’anyi ili apigane nao. Vivyo hivyo, kumjibu mtukanaji kwa matusi ni kumwongezea kuni. Anachotafuta ni watazamaji. Msamaria alimwendea aliyelala chini.

Kwanza, alikaribia. Nasi tumpigie simu aliyetukanwa, au bora zaidi tumtembelee, tumwambie: “Tumeona. Ulilotendewa si haki. Hauko peke yako.” Tusianze kwa kumhoji kama yasemwayo ni kweli, Msamaria hakumwuliza majeruhi kwa nini alisafiri peke yake.

Pili, alifunga majeraha. Tuzuie damu isiendelee kutoka. Tusiisambaze picha ile, hata kwa kisingizio cha kuilaani. Tusicheke. Mmoja wetu aandike kundini kwa upole: “Hili halifai, tafadhali liondolewe.” Wawili watatu wakimuunga mkono, mtukanaji amepoteza hadhira yake. Na aliye msimamizi wa kundi asijifanye mgeni. Alifute tusi na amwonye aliyelileta.

Tatu, alimkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni, kwa maana peke yake asingemaliza kazi. Nasi tumsindikize aliyeumizwa kwa mzazi, kwa mwalimu, au katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, akiwa na ujumbe wenyewe, namba iliyoutuma na tarehe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayemtumia mwenzake ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumwumiza moyo.

Twajua kinachotuzuia ni hofu. Anayetetea naye huweza kugeuziwa matusi. Pengine kuhani na Mlawi nao waliogopa kwamba wanyang’anyi wangali karibu. Lakini tukumbuke kwamba jina “Msamaria” lenyewe lilikuwa tusi. Katika Yohane 8:48 Bwana wetu anaitwa hivyo ili adharauliwe. Yesu alimchagua mtu wa kabila linalotukanwa, akamfanya kielelezo cha jirani kwa vizazi vyote.

Somo la kwanza linatuambia kwamba neno la Mungu halipo mbali. Limo kinywani na moyoni mwetu. Juma hili, kutoka Mnero hadi Mnacho, kila mmoja wetu atafungua simu yake na huenda atamkuta mtu amelala kando ya njia. Tuombe neema ya kusimama hapo alipo, na kumwendea.

Ee Bwana, uliyetukanwa msalabani huku watu wakitazama, utujalie tusipite kando. Amina.