Tivoli na Mwalimu wa Nakskov

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Kamati iliniomba niseme machache juu ya safari yangu ya Ulaya ya Desemba iliyopita. Nilipouliza niseme nini hasa, nilijibiwa, "Chochote kitakachowafaa vijana." Basi nimechagua mahali pamoja tu, napo ni bustani ya michezo iitwayo Tivoli, katika mji wa Copenhagen, makao makuu ya Denmark. Najua wapo watakaoguna kwamba mzee mzima mwenye mvi amevuka bahari kwenda kubembea. Nawaomba subira. Nitabembea kwanza, kisha nitasema lililonileta hapa mbele.

Aliyenipeleka ni mwenzetu tuliyemaliza naye shule hii, yule aliyekuwa akipiga kengele ya kuamka. Ameishi Denmark miaka mingi, na watoto wake wamezaliwa huko. Mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia bustani ya namna hiyo, na mara yangu ya kwanza kuvaa soksi jozi tatu kwa pamoja.

Baridi ya huko, ndugu zangu, si ya kusimuliwa. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza yapata saa mbili na nusu asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kutua. Mchana wote ni saa saba tu. Mtu hujiuliza watu hawa wanaishije katika giza lote hilo. Jibu lao moja ni kuwasha taa. Kwa muda mrefu Tivoli ilikuwa bustani ya majira ya joto, lakini mwaka 1994 ilianza kufunguliwa msimu wa Noeli pia, na tangu hapo watu huja wakiwa wamejifunika hadi masikio, watembee chini ya miti iliyopambwa taa kuanzia shina hadi matawini. Tulifika saa kumi na moja jioni, kwetu ni saa ya mpira, na kule ilikuwa usiku mtupu. Bustani ilikuwa inang'aa.

Bustani hiyo ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843. Mwanzilishi wake, Georg Carstensen, alizaliwa Algiers, Afrika ya Kaskazini, baba yake akiwa mwanadiplomasia. Alipata kibali cha Mfalme Christian wa Nane, na inasimuliwa kwamba alimshawishi kwa hoja hii: watu wakiburudika hawafikirii siasa. Akapewa kiwanja kwenye kuta za ngome zilizouzunguka mji wa kale. Ziwa lililomo bustanini leo ni mabaki ya handaki la maji lililowazuia maadui. Walt Disney naye alipita humo kabla ya kufungua bustani yake mwenyewe kule Marekani mwaka 1955.

Sasa nibembee. Ipo treni ndogo ya mbao iliyojengwa mwaka 1914, ipitayo juu ya milima ya kuundwa. Huvutwa hadi kileleni, kisha huachiwa ishuke kwa uzito wake. Vijana wa fizikia mnielewe: haina injini, kile ilichokipata kwa kupanda ndicho inachokitumia kwa kushuka. Jambo la ajabu ni kwamba ndani ya kila treni huketi mshika breki, miongoni mwa abiria, naye ndiye anayeipunguza mwendo kwenye miteremko. Katika treni nyingi za kisasa za aina hiyo kazi hiyo hufanywa na mitambo iliyofungwa relini. Hii bado inategemea mkono na jicho la mtu. Yule mwenzetu, ambaye mlimjua kuwa kiranja asiyecheka, alipiga kelele kuliko watoto waliokaa mbele yetu. Mimi sikupiga kelele, kwa sababu pumzi ilikuwa imekwisha.

Tuliposhuka tukatafuta cha moto. Huko wana kinywaji cha divai iliyochemshwa kwa mdalasini, iliki na karafuu, na kipo pia kisicho na kileo, ndicho nilichokunywa. Harufu yake ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama. Na chakula chake je? Wanakiita kwa jina lao, lakini mimi nilipoona chuma chenye vishimo vya mviringo, unga ukimiminwa na kugeuzwa kwa kijiti, nilisema mbele ya watu, "Hivi ni vitumbua!" Tofauti ni kwamba vyao ni vya ngano, mayai na maziwa, na huliwa kwa jamu. Tulikula sahani mbili.

Ndipo tulipoketi kando ya lile ziwa, na mwenzangu akaniuliza, "Bwana, unajua nani aliwahi kuonyeshwa hapa?" Nikasema sijui. Akanieleza, nami baadaye nilisoma zaidi.

Denmark ilikuwa na visiwa vitatu vikubwa katika bahari ya Karibi: St. Croix, St. Thomas na St. John. Waafrika walipelekwa huko kwa nguvu kulima miwa, na utumwa ulikomeshwa visiwani mwaka 1848. Mwaka 1917 Denmark iliviuza visiwa hivyo kwa Marekani kwa dola milioni 25. Kabla ya hapo, mwaka 1905, yalifanyika maonyesho ya makoloni humo humo Tivoli. Zililetwa bidhaa, zikaletwa picha, na wakaletwa watoto wawili kutoka St. Croix: Victor Cornelins, mwenye umri wa miaka saba, na Alberta Roberts, mwenye umri wa miaka minne. Waliletwa ili watazamwe. Victor alikuwa mtoto mchangamfu, hakutulia mahali pamoja, akikimbia huku na huku kama mtoto yeyote aliye ndani ya bustani ya michezo. Dawa waliyoiona ni kuwatia watoto kizimbani. Watu wakalipa kiingilio, wakapita, wakawatazama.

Maonyesho yalipokwisha, watoto hawakurudishwa kwao. Walibaki Denmark, wakalelewa katika nyumba ya watoto yatima. Alberta alifariki angali msichana, kwa kifua kikuu. Victor alisoma, akaingia chuo cha ualimu, akahitimu. Alipangiwa kazi katika mji wa Nakskov, akafundisha huko miaka mingi, akawa naibu wa mwalimu mkuu. Alijulikana pia kwa uimbaji na muziki. Alifariki mwaka 1985. Fikirini jambo hilo, vijana. Mtoto aliyewekwa nyuma ya vyuma ili Wadenmark wamtazame ndiye aliyekuja kusimama mbele ya watoto wa Wadenmark, akawafundisha kusoma.

Nilimwuliza mwenzangu, "Ikiwa wayajua haya yote, mbona wawaleta wanao humu?" Hakujibu upesi. Kisha akasema, "Ndugu yangu, kwanza wao ni watoto, na bembea ni haki ya mtoto popote alipozaliwa. Victor naye alitaka kucheza tu. Pili, wakishashuka huwaketisha hapa nikawasimulia habari zake. Nisipowasimulia mimi, watasimuliwa na nani?"

Ndugu Mwenyekiti, wapo watakaosema afadhali asikanyage pale kabisa, na hoja yao ina uzito. Mtu aliyeumizwa mahali halazimishwi kupapenda. Mimi naona mwenzetu amefanya vema, kwa sababu mlango ambao zamani mtoto mweusi aliuingia ili atazamwe, leo watoto wake wanauingia kwa tikiti zao mkononi, wakacheka, wakala, na wakajua nani aliwatangulia. Furaha isiyojua yaliyopita ni nyepesi mno. Na yaliyopita yasiyoruhusu furaha yatawafanya watoto wayakimbie.

Lakini lililonigusa zaidi ni hili. Habari hizi tunazijua kwa kiasi kikubwa kwa kuwa Victor Cornelins alizisema mwenyewe. Alizunguka akihutubia watu juu ya maisha yake, na mwaka 1976 kikatoka kitabu chake. Alberta hakupata umri wa kuandika. Aliona nini yule mtoto wa miaka minne? Alilia usiku? Aliimba wimbo gani wa kwao? Hatutajua kamwe. Watoto wawili walikaa kizimba kimoja, na tofauti iliyopo leo kati yao katika kumbukumbu ya ulimwengu ni kalamu.

Kwa hiyo nina ombi mbili. Ninyi vijana, mtasafiri zaidi kuliko sisi. Ingieni kila bustani, pandeni kila treni, furahini bila kuona haya. Lakini kila mlango mzuri mtakaouona, ulizeni uliwahi kumfungia nani nje, na nani ndani.

Nasi wazee, humu ukumbini wamo walioikuta shule hii ina madarasa manne, waliochota maji bondeni, na wanaowakumbuka wenzetu ambao hawakufika kidato cha mwisho, na sababu zake. Tusipoandika, wale wenzetu watakuwa kama Alberta: watu waliokuwapo, wakapita, bila neno lao. Gazeti letu hili halibagui mwandiko. Kurasa mbili tu kwa kila mmoja, kabla ya mkutano wa mwakani, nami nitakuwa wa kwanza kumkabidhi mhariri zangu.