Mhandisi Aliyefika Busia: Ukoo wa Sclater na Barabara ya Maksai



Hakuna aliyefika hapa leo bila kuyapita malori. Yamejipanga Busia, yamejipanga Malaba, na madereva wamekaa chini ya trela wakichemsha chai. Tumeizoea foleni hiyo hata tunadhani iliumbwa pamoja na nchi. Lakini njia ya magurudumu kuja Busia ina mwaka wake wa kuzaliwa, na ina mtu aliyeipima. Mtu huyo alikuwa mwanajeshi, na alikufa akiwa bado kijana. Leo nataka kumzungumzia yeye, baba yake na ndugu zake. Kisha nitawaomba jambo.

Jina lake Bertram Lutley Sclater, kapteni wa Wahandisi wa Kifalme wa jeshi la Uingereza. Kabla ya kuja kwetu alitumika Nyasa, nchi tunayoiita Malawi, chini ya Harry Johnston, akipima ardhi na kuchonga barabara. Mwaka 1895 akaletwa huku. Kampuni ya William Mackinnon ilikuwa imeanza njia ya magari ya ng'ombe kutoka pwani mwaka 1890, ikaishiwa na nguvu. Serikali ya Uingereza ilipoichukua nchi mikononi mwa kampuni hiyo mwaka 1895, Sclater alipewa sehemu iliyobaki: aanzie Kibwezi, apande Kikuyu, ateremke Bonde la Ufa, apite Naivasha, Nakuru na Ravine, avuke Mau, afike Mumias kwa Nabongo Mumia, kisha amalizie Busia. Toka Mombasa ni maili 600 hivi, karibu kilomita 965.

Wanafunzi wa uhandisi mlioko nyuma, sikilizeni hapa. Mpagazi huenda popote mguu unapoenda. Huruka mtaro, hupanda jiwe, hupita majani yanayomfika kifuani akiwa na mzigo wa kilo 30 kichwani. Gari la maksai halijui hayo. Linataka mteremko wa taratibu, vinginevyo mzigo huwasukuma ng'ombe mbele hadi wavunjike miguu. Linataka kivuko ambacho sakafu yake haididimii, na mahali pa kunywesha kila jioni. Kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, pale watalii wanaposimama leo kupiga picha, ardhi inaanguka mamia ya mita kwa ghafla. Kuliteremsha gari pale ni kazi ya kupima kwa siku nyingi na kuchimba ubavu wa mlima kwa majembe na sururu. Na maksai wenyewe walikuwa adimu: sotoka ilikuwa imefagia mifugo ya Afrika Mashariki miaka michache tu kabla, na katika nyika za chini mbung'o walikuwa wakisubiri waliosalia.

Ninamwita mhandisi wa wakati wa vita, nanyi mna haki ya kuniuliza ni vita gani. Mwaka ule wa 1895 Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi, alikuwa ameshika silaha pwani. Wabukusu, jirani zetu hapa, walikuwa wakipigana katika ngome za Lumboka na Chetambe. Mkienda Webuye, kilima cha Chetambe bado kinasimama. Wanandi walianza mapambano ambayo yangedumu miaka kumi. Mwezi Novemba, katika bonde la Kedong, Wamaasai waliwaua mamia ya Waswahili na Wakikuyu wa msafara mmoja uliokuwa ukirudi kutoka Ravine. Barabara ya Sclater ilipita katikati ya yote hayo. Ilikuwa chombo cha vita kama bunduki, na waliokuwa wakiitazama ikikaribia waliijua hivyo. Siwezi kuisifu kazi ya mkono wake bila kusema hilo.

Yeye mwenyewe hakuuawa na mkuki wala risasi. Kazi ilipokwisha aliugua homa, na mwezi Julai 1897 akafia Unguja. Alikuwa amegusa miaka thelathini tu.

Sasa tumtazame baba yake. Philip Lutley Sclater alikuwa mwanasheria aliyependa ndege. Mwaka 1858 aliigawa dunia katika kanda sita kwa kufuata ndege wake, mgawanyo ambao wanabiolojia waliujengea elimu nzima. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa katibu wa Jumuiya ya Wanazuolojia ya London. Mwaka 1901, miaka minne baada ya kifo cha mwanawe, aliandika juu ya vipande vya ngozi yenye milia vilivyotoka Uganda. Aliyevituma ni Harry Johnston, yule yule aliyekuwa mkubwa wa Bertram kule Nyasa. Mzee Sclater alidhani ni punda milia wa aina mpya, akamwita Equus johnstoni. Ni okapi huyo, mnyama wa misitu ya Kongo, jamaa wa twiga, na jina la Johnston linamfuata hadi leo. Huwa nafikiri juu ya mzee yule mwenye umri wa miaka zaidi ya sabini, akivishika vipande vile vilivyotoka upande ule ule wa dunia uliomla mtoto wake.

Philip alifariki mwaka 1913. Kwa hiyo hakuiona tarehe 26 Novemba 1914, siku manowari Bulwark ilipolipuka ghafla karibu na Sheerness, Uingereza, ikiwa imetia nanga. Zaidi ya watu 700 walikufa. Kapteni wa manowari ile alikuwa Guy Lutley Sclater, mdogo wake Bertram. Akabaki William, mwana mkubwa. Mwaka 1896, wakati Bertram akiwa njiani kuja kwetu, William alikwenda Cape Town kuwa mkuu wa jumba la makumbusho, na baadaye aliandika orodha kubwa ya ndege wa Afrika. Mwezi Julai 1944, akiwa na miaka 80, bomu la kuruka la Wajerumani lilimuua jijini London. Ndugu watatu: mmoja homa ya utumishi, mmoja baruti ya meli, mmoja bomu lililomkuta katika uzee wake.

Nimeweza kuwasimulia haya kwa sababu kila kifo kati ya hivyo kiliandikwa siku kilipotokea. Lakini Bertram hakubeba sururu. Aliweka kigingi, waliochimba walikuwa mamia, na waliosafirisha unga wao walikuwa mamia zaidi. Wengine walibeba vipande vya meli iliyoitwa William Mackinnon hadi ziwani, chuma kwa chuma. Miaka ishirini baadaye, katika vita na Wajerumani, vijana wa nyumba hizi hizi walichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi, Kariakoo, wakafa kwa kuhara damu na malaria kusini mwa Tanganyika. Hao ndio wahandisi wetu, na vifo vyao havikuandikwa kama vya akina Sclater. Walitandika magogo kwenye matope ili mizinga ipite.

Barabara yenyewe haikuishi sana. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896. Awali ilikusudiwa ifike Port Victoria, hapa hapa katika kaunti yetu, ikageuzwa, na Desemba 1901 ikaishia Kisumu. Malaba ilisubiri hadi njia ya Kampala ilipopita miaka ya 1920. Na mpaka? Sclater alipofika Busia hakuukuta. Huku kote kulihesabiwa Uganda hadi mwaka 1902, mstari ulipohamishwa na Mteso wa upande huu akatenganishwa na mjomba wake wa upande ule. Kisha waendesha baiskeli wetu wakaupa mstari huo jina lao, wakiita abiria boda hadi boda, na leo hata Dar es Salaam watu hupanda bodaboda.

Ombi langu ni juu ya hao waliochimba na kubeba, na ni hili. Katika nyumba za Kiluhya na za Kiteso, aliyepotea hurudi kwa jina. Mahali ambapo mwili haukupatikana, wapo waliozika mgomba ili roho ipate pa kulala, kisha mjukuu akapewa jina la marehemu. Ina maana rejista yetu ipo, ila imeandikwa kwenye watoto. Mtoto wa darasa la nne pale Funyula au Amagoro anaweza kuwa amebeba jina la mtu aliyekufa Kariakoo, na bibi yake anajua ni kwa nini.

Pale mlangoni tumeweka meza, daftari kubwa na wanafunzi wanne: wawili wanajua Kisamia na Kikhayo, wawili Kiteso. Mzee, ukitoka, usipite moja kwa moja kwenye chai. Keti, taja jina, sema lilitoka kwa nani, na yule wa kwanza alikwenda wapi. Hata kama unalijua nusu, waandikie nusu hiyo. Daftari litakaa maktaba ya kaunti, na mwezi ujao tutalipeleka Malaba.