Kifuniko cha Trela: Pima Kabla Fundi Hajakata

Maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakulima na mafundi wa jua kali



Msimu wa mavuno, wengi wetu hutegemea trela dogo la kuvutwa na pikapu kutoa mahindi shambani. Tunalifunika kwa turubai. Kamba ikilegea njiani, mvua inaingia. Mahindi ya kuweka ghalani hayafai kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakilowa na kukaa hivyo, kuvu huota na kuleta sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui. Kwa hivyo kufunika mzigo ni jambo la afya, si la pesa tu.

Kifuniko cha bamba la chuma kinaweza kutengenezwa na fundi wetu hapa hapa. Lakini kabla hajawasha mashine, mteja na fundi wakubaliane juu ya mambo matatu: uzito, maji na usalama.

Kwanza, uzito. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 1 lina karibu kilo 8 kwa kila mita mraba. La milimita 2 ni mara mbili ya hapo. Usichague bamba nene ukidhani ndilo imara. Uimara hutoka kwa fremu iliyo chini yake. Tuseme trela lako lina urefu wa futi 7 na upana wa futi 3 na nusu. Bamba moja la futi 8 kwa 4, likipasuliwa katikati kwa urefu, linatoa milango miwili. Kila mlango, pamoja na fremu ya bomba la mraba la inchi 1, utakuwa na kama kilo 18. Huo mtu mmoja anaweza kuuinua. Kifuniko chote kitafika kama kilo 40, karibu nusu ya gunia la kilo 90, kwa hivyo punguza mzigo kwa kiasi hicho.

Pili, maji. Kifuniko bapa hukusanya maji na kuoza. Fundi aweke bomba la mgongoni katikati ya trela, juu ya kuta kwa inchi 3, na milango ifunguke kutoka hapo kwenda pande mbili, kama paa la nyumba. Kipande kinachobaki kinatosha kukata pembetatu mbili za kuziba mbele na nyuma. Kingo zikunjwe chini inchi 2, zipite nje ya ukuta wa trela. Juu ya bawaba, fungia ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu.

Mafundi, mnajua bamba jembamba hupinda kwa moto. Chomelea kwa vidoti, ukiruka upande huu na ule, au tumia ribiti kisha uzibe mianya. Kama bamba ni la mabati, sugua kwanza zinki pale unapochomelea, na ufanye kazi mahali penye hewa, kwa sababu moshi wake hudhuru. Paka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje.

Tatu, usalama. Mlango wa kilo 18 ukianguka unaweza kuvunja vidole. Kila mlango uwe na fimbo ya kuushikilia, yenye pini ya kuifunga isiteleze. Weka makomeo mawili kila upande, na uyakague kabla ya kuondoka. Mlango ukifunguliwa na upepo barabarani, anayekufuata kwa bodaboda ndiye ataumia. Kifuniko kisizibe taa wala viakisi vya trela. Watu wasiketi juu yake, na mifugo isifungiwe ndani.

Jambo la mwisho: kifuniko kinazuia mvua, hakikaushi mahindi. Mazao mabichi yakilala chini ya chuma, joto la mchana na baridi ya usiku hufanya bamba litokwe na jasho, nalo hudondokea magunia. Kausha kwanza, pakia, fika, pakua siku hiyo hiyo. Ukiwa na shaka kuhusu unyevu, muulize afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kuweka mahindi ghalani.