Mstari wa Isebania na Ugomvi wa Wajerumani

Ndugu wanachama wa Migori na Homa Bay,

Wengi wetu tuna shemeji au mjomba upande wa Sirari. Tukienda kuzika huko, twapita kwanza mbele ya askari wa mpaka. Twasema mstari ule ni wa Mwingereza. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ya Mjerumani, na miaka ishirini kabla ya kuuchora hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani.

Mwaka 1815 palikuwa na nchi 39 katika shirikisho legelege, mwenyekiti wake Austria. Prussia haikuridhika kuwa ya pili. Mwaka 1834 iliongoza umoja wa ushuru, mali ipite bila kulipiwa kila mpaka, na Austria ikaachwa nje. Tuangalie hapo, ndugu: wafanya biashara walizoea kuitazama Prussia kabla askari hawajatoka kambini.

Mwaka 1848 raia walijaribu kuungana kwa kura. Wajumbe wao walikaa Frankfurt wakabishana: Austria iwemo au isiwemo? Mwaka 1849 wakampa mfalme wa Prussia taji la wote. Akalikataa; hakutaka taji litokalo mikononi mwa raia. Sisi twaona nafasi njema kuliko zote ilipotea siku ile.

Kazi ikamwangukia Bismarck, waziri mkuu wa Prussia tangu 1862. Mwaka 1864 alipigana na Denmark pamoja na Austria. Mwaka 1866 akamgeukia mwenzake huyo huyo. Vita vilikwisha kwa majuma saba. Austria ilishindwa Königgrätz tarehe 3 Julai, ikatolewa nje. Hannover, iliyosimama upande wa Austria, ilimezwa nzima. Kisha vikaja vita na Ufaransa, na dola ikatangazwa Versailles tarehe 18 Januari 1871. Wajerumani wa Austria hawakuwamo.

Bismarck huyo ndiye aliyetawala Berlin mwaka 1886, ilipopatana na London: mstari utoke mdomo wa mto Umba, uzunguke Kilimanjaro, uje hata ziwa letu, digrii moja kusini ya ikweta. Mwaka 1890 ukavushwa majini. Wakuria wakapasuliwa, na Wajaluo vilevile. Hakuna mzee aliyeulizwa.

Mwaka 1914 wachoraji hao wawili waligombana. Wajerumani wakauvuka mstari, na tarehe 12 Septemba wakapigana na Waingereza Kisii. Baadaye Waingereza walichukua wapagazi wa Nyanza kwa maelfu, na wengi hawakurudi. Wapagazi wale hawakuwa na chama cha kuwadaia ujira.