Mchungaji Anayejua Nani Hakuja Shuleni



Mada niliyopewa ni utumishi wa mchungaji katika elimu. Nitaanza na mtu mmoja. Josiah Kibira alizaliwa Agosti 28, 1925, Kashenye, Bukoba. Alisoma Tabora, uamsho wa walokole ukamgusa, na akafundisha shuleni kabla ya kuwa mchungaji. Theolojia aliisomea Bethel, Ujerumani, kisha Boston, Marekani. Mwaka 1964 akampokea Msweden Bengt Sundkler kiti cha uaskofu wa Kilutheri huko Bukoba. Mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Mkutano huohuo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini unagusa kiini cha imani, wala si siasa ya kuachiwa wanasiasa. Alifariki mwaka 1988.

Vyeo hivyo ni vikubwa, lakini kinachotufaa zaidi sisi wa Ushetu ni kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Kanisa, ukoo na ulimwengu. Askofu aliyekwishasoma Ulaya na Marekani alirudi kuuchunguza ukoo wa Kihaya: unamshikaje mtu, na ushirika wa Kanisa unakutana nao wapi. Hakuona haya kuuchukulia ukoo kwa uzito. Naamini ualimu ulichangia, kwa maana mwalimu wa kweli hujua mtoto aliyeketi mbele yake ametoka kaya gani.

Huku kwetu pia kulikuwa na wachungaji na makatekista wa namna hiyo. Mapadri Weupe walifika Ushirombo mwaka 1891, na misheni nyingine zikafuata katika nchi yote ya Wanyamwezi na Wasukuma. Mara nyingi aliyehubiri ndiye aliyefundisha kusoma. Wamoravian wa magharibi wanamkumbuka Teofilo Kisanji, askofu wao wa kwanza Mwafrika, aliyewekwa wakfu mwaka 1966. Chuo kikuu kilichopo Mbeya kina jina lake.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1969, na shule za makanisa zikachukuliwa na Serikali. Silalamikii uamuzi huo. Chini ya utaratibu wa zamani, mtoto wa Kiislamu, au wa mzee anayetambikia mababu zake, mara nyingi alilazimika kupita mlango wa Kanisa ili apate darasa, na hiyo haikuwa haki. Ila tulipokabidhi madarasa, sisi wachungaji tulikabidhi na jambo ambalo hakuna aliyetudai: tuliacha kujua ni mtoto gani hakuja shuleni.

Hapo ndipo penye kazi yetu leo. Tangu mwaka 2016 elimumsingi haina ada, lakini mtoto bado hayupo darasani. Mnajua yuko wapi. Shule hufunguliwa Januari, wakati shamba la tumbaku limeshika kaya nzima. Majani yakianza kuchumwa, mikono midogo ndiyo inayoyafunga kwenye vijiti kabla hayajaingia kwenye bani la kukaushia. Mwingine yuko nyuma ya ng'ombe. Kijana wa darasa la saba amesikia kuna rashi ya dhahabu imelipuka mahali, amekwenda kuponda mawe kwenye maduara, na mama yake hajui atarudi lini.

Barua ya kijiji ya kumwita mzazi wa mtoto asiyefika shuleni humfikia baba peke yake. Lakini katika kaya ya Kisukuma baba haamui peke yake: yupo babu, yupo mjomba, yupo bibi mwenye neno. Mchungaji anayeketi nao msibani anaweza kuketi nao kwa jambo hili. Wapo pia sungusungu, walioanzia maeneo yetu haya ya Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wanaojua kumtafuta ng'ombe aliyeibwa watashindwaje kusaidia kumtafuta mtoto?

Na kuna jambo linaloniuma. Novemba 2021 Serikali iliruhusu msichana aliyekatisha masomo kwa ujauzito kurudi darasani. Mlango wa shule umefunguka, lakini katika baadhi ya sharika zetu binti huyohuyo anatengwa, jina lake linatangazwa mbele ya watu, na aliyempa mimba anaendelea kuimba kwaya. Atapata wapi uso wa kuvaa sare tena? Wachungaji, nawasihi: nidhamu ya Kanisa isimfukuze mtoto shuleni. Nenda nyumbani kwake, zungumza na mama yake nani atamlea mtoto mchanga saa za masomo, kisha umsindikize wewe mwenyewe mpaka kwa mwalimu mkuu.

Ombi langu kwa walimu wakuu mliopo: kila mwisho wa Februari na kila mwisho wa Julai, mpeni mchungaji, padri au shehe wa eneo lenu majina ya watoto waliopotea darasani, pamoja na kitongoji wanakokaa. Yabaki mikononi mwake, yasisomwe madhabahuni. Nasi wachungaji tugawane vitongoji leo hii kabla ya chakula cha mchana. Kitongoji ambacho hakina Mkristo hata mmoja, mimi nitakichukua.