Feza ya Nyumba Mwanzoni mwa Mwaka Mpya

(Maneno yaliyosemwa mbele ya waparokia wa Kindu katika juma la jubilei)



Niliombwa kusema juu ya feza. Kila mtu anaijua katika mfuko wake, lakini ni wachache wanaoizungumza nyumbani kwa sauti. Mume anaficha mshahara, mke anaficha faida ya soko, na mwezi wa kwanza unawakuta wote wawili wakikopa chumvi kwa jirani.

Watu husema kwamba sisi hatujui kuweka akiba. Mimi sikubali neno hilo. Wazee wetu walijua sana, na wale walioweka ndio waliopoteza. Siku ya Noeli ya mwaka 1979 Serikali ilitangaza kwamba noti za zaïre 5 na zaïre 10 zimekufa, na watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha. Aliyekuwa mbali na banki, aliyezika feza yake ndani ya chungu kule kijijini, alibaki na karatasi. Mwaka 1993 zaïre mpya moja ilichukua mahali pa zaïre za zamani 3,000,000, na mwaka 1998 faranga moja ya Kongo ikachukua mahali pa zaïre mpya 100,000. Fanyeni hesabu hiyo: faranga moja kwa zaïre za kwanza 300,000,000,000. Mtoto aliyemwona baba yake akiishika feza iliyokufa alijifunza kwamba feza iliyoliwa ndiyo iliyo salama. Wengi wetu tunaishi na fundisho hilo hata leo, pasipo kujua lilitoka wapi.

Lilikuwa na akili kwa wakati wake. Leo linatutesa, na linatutesa zaidi katika mwezi wa kwanza.

Tutazame sanduku la akiba, lile tunaloliita AVEC. Njia hiyo ilianza mwaka 1991 kule Maradi, katika nchi ya Niger, kati ya wamama wa vijijini. Watu 15 hadi 25 wanaojuana wanakutana kila juma. Kila mmoja ananunua hisa moja hadi tano. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu, wala si kwa yule anayelilinda. Anayekopa hapiti mara tatu ya akiba yake. Kuna fungu dogo la pembeni kwa ajili ya ugonjwa na kilio, jambo ambalo likelemba yetu ya zamani haikuwa nalo, kwa maana likelemba inampa mmoja vyote kwa zamu yake na kuwaacha wengine mikono mitupu. Kisha miezi 9 hadi 12, kila mtu anagawiwa akiba yake pamoja na faida. Feza inahesabiwa mbele ya macho ya wote, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Lakini angalieni tarehe ya kugawanya. Vikundi vingi vinachagua mwezi wa kumi na mbili. Basi feza ya mwaka mzima inakutana na Noeli na Bonane njiani, na hairudi nyumbani. Kitenge kipya, kuku, bia, wageni kutoka ng'ambo ya Lualaba. Sisemi kwamba siku kuu ni dhambi. Kuku wa Bonane mimi mwenyewe nampenda. Nasema tu kwamba kisha siku chache watoto wanarudi shuleni. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za Serikali ni za bure, lakini sekondari inaomba feza, na daftari hazitolewi bure popote.

Hapo mzazi anabisha hodi kwa Banki Lamberi, yule mkopeshaji wa mtaani ambaye hana biro wala kibao mlangoni. Tuseme anapewa faranga 100,000, naye atarudisha 130,000 mwisho wa mwezi. Mwezi unakwisha, hana; anatoa 30,000 za faida tu. Kisha miezi minne amekwisha kulipa 120,000, na deni la 100,000 lingali palepale kama siku ya kwanza. Nimeona nyumba zikiuza mabati kwa sababu ya hesabu hii ndogo.

Kwa maoni yangu, kikundi kingeweza kugawanya feza katika mwezi wa nane, kabla ya shule kufunguliwa, na kuacha kiasi kidogo tu cha Noeli. Mume na mke waandike pamoja, kabla feza haijafika, mahali itakapokwenda. Na anayepata faranga ahesabu kwa faranga. Tumezoea kuahidi kodi ya nyumba na mahari kwa dola, huku mapato yetu ni ya faranga, halafu tunashangaa deni linavyokua tukiwa tumelala.

Si lazima akiba yote iwe noti. Wakulima wetu wanauza mpunga wote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na familia ile ile inanunua mchele kwa kopo wakati bei imepanda. Magunia mawili yaliyowekwa vizuri ni akiba ambayo tangazo la redio haliwezi kuifuta, ijapokuwa panya nao wanataka fungu lao.

Wageni wetu mapadri wanajua kwamba Alphonse Desjardins, kule Lévis nchini Kanada, alianzisha chama chake cha akiba mwaka 1900, na kwamba vyama vilivyofuata vilienea parokia kwa parokia. Sisi tuna shirika katika kila mtaa, na watu wanaojuana hata kwa sauti. Wanaotaka kuanza sanduku waache majina kwa kiongozi wa shirika lao. Watafute daftari moja, kufuli tatu, na watu watatu wasiokaa nyumba moja.