Safari ya Bwana na Bibi Bailey

Palikuwa na mtu mmoja katika mji wa Derby, Uingereza, jina lake Maurice Bailey, aliyekuwa karani wa kazi za kupiga chapa. Mkewe, Bibi Maralyn, alikuwa karani katika ofisi ya kodi. Hawakuwa matajiri, wala hawakuwa na watoto. Asubuhi kazini, jioni nyumbani: maisha ambayo makarani wa Nairobi na Mombasa wayajua vema. Ndipo Bibi Maralyn alipomshauri mumewe wauze nyumba, wapate mashua ya matanga, waache kazi, wasafiri baharini mpaka New Zealand.

Haikuwa pupa. Walijitayarisha kwa miaka kadhaa, wakaweka akiba, wakajifunza kuongoza chombo kwa kupima jua na nyota. Mashua yao ilikuwa na urefu wa futi 31, nayo waliiita Auralyn, jina lililounganishwa kutoka majina yao wawili. Waling'oa nanga mwezi wa Juni 1972.

Jambo moja Bwana Bailey alilikataa: hakutaka kuchukua simu ya upepo ya kupelekea habari. Alitaka kuwa huru, mbali na kelele za ulimwengu. Haja yake yafahamika, kwa maana mtu aliyechoshwa na kengele ya ofisi hapendi kufuatwa nayo baharini. Hata hivyo, dereva aendaye Marsabit hubeba gurudumu la akiba, wala si kwamba anapenda kupasukiwa njiani.

Walivuka Bahari ya Atlantiki salama, wakapita Mfereji wa Panama, wakaelekea visiwa vya Galápagos. Alfajiri ya tarehe 4 Machi 1973 nyangumi aliigonga mashua ubavuni, akaitoboa chini ya maji. Walijaribu kuziba tundu kwa tanga na mablanketi, lakini wapi! Kabla ya saa moja kwisha, Auralyn ilikuwa imezama, nao walikuwa wameketi juu ya chelezo cha mpira chenye paa la kitambaa, kilichofungwa kamba pamoja na kimashua kidogo cha mpira. Walikuwa wameokoa maji, vyakula vya mikebe, ramani na dira. Ndoana za kuvulia samaki hazikuonekana popote.

Usiku walipiga makasia ili wafike Galápagos, lakini mkondo uliwashinda. Wakamfunga kasa mkubwa kamba awavute, naye akavuta kweli. Wakamfunga wa pili, huyo akaelekea upande mwingine! Basi waliacha, wakajikabidhi kwa bahari.

Wasikilizaji waangalie sasa kazi ya mke huyu, ambaye hata kuogelea hakujua. Mikebe ilipokwisha, alizikunja pini za kufungia nguo zikawa ndoana. Walikinga maji ya mvua. Walikula samaki, kasa na ndege wa baharini, vyote vibichi, kwa kuwa moto haukuwapo. Papa wadogo walikamatwa kwa mikono mitupu. Chelezo kilipoanza kuvuja hewa, ilibidi kukijaza mara kwa mara, mchana na usiku, nao miili yao imejaa vidonda vya maji ya chumvi.

Bwana Bailey aliugua, akakata tamaa; mara nyingi aliona kwamba mwisho umefika. Mkewe hakukubali. Aliandika habari za kila siku katika daftari, akatengeneza karata na dhumna za karatasi wapate kucheza, akapanga vyakula ambavyo wangepika watakapofika nchi kavu. Tena alichora ramani ya mashua mpya! Mtu angeweza kumdhania amerukwa na akili, kupanga chombo kingine hali yu juu ya mpira unaovuja. Lakini michoro hiyo ilimpa mumewe neno la kujibu kila siku, na mtu anayebishana juu ya mahali pa kuweka jiko hajafa bado.

Meli saba zilipita. Waliwasha fataki, nyingine zikagoma kuwaka. Walipunga nguo, wakapiga kelele. Meli zikaenda zake. Hapo ndipo kukosa simu ya upepo kulipouma.

Tarehe 30 Juni 1973 ilitokea meli ya wavuvi wa jodari kutoka Korea Kusini, iitwayo Weolmi 306, iliyokuwa ikirudi kwao. Nayo iliwapita, kisha ikageuka. Walikuwa wamekaa baharini siku 117, wamechukuliwa na maji yapata kilomita 2,400, umbali unaozidi mara mbili njia ya reli kutoka Mombasa mpaka Kisumu. Kila mmoja alikuwa amepungua kama ratili 40, wala hawakuweza kusimama. Wavuvi wale, ambao hawakuwa jamaa zao wala wa nchi yao, waliwanywesha maziwa na kuwauguza mpaka Honolulu.

Mwaka 1974 waliandika kitabu juu ya mambo hayo. Bibi Maralyn alifariki mwaka 2002, na mumewe aliishi zaidi ya miaka kumi baada yake. Lakini kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kupata mashua ile aliyoichora juu ya chelezo, wakaiita Auralyn II, wakatweka matanga wakaenda Patagonia.